Nyumba ya Bundi: nani fundi, nani saidia fundi?

Aliyekulia kwetu hahitaji kufundishwa kwamba bundi ni ndege wa nuksi. Akitua juu ya bati usiku na kuanza kulia, wakubwa wanatoka na kijinga cha moto kumfukuza, na asubuhi wanaulizana nani anaumwa. Kwa hiyo nilipofika mbele ya nyumba iliyozungukwa na bundi wa saruji, macho yameelekezwa kwa kila anayekaribia, mwili ulinisisimka kwanza. Kuelewa kulikuja baadaye.

Nyumba yenyewe inaitwa Owl House, yaani Nyumba ya Bundi. Ipo Nieu-Bethesda, kijiji kidogo cha jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, kiasi cha kilomita 50 kaskazini ya mji wa Graaff-Reinet, chini ya milima ya Sneeuberge. Jina hilo la milima maana yake ni milima ya theluji, na halikutolewa bure: baridi ya huko inauma, na kiangazi chake nacho kinakausha koo. Kijiji kilianzishwa 1875, kanisa likiwa katikati, kama vijiji vingi vya nyanda kavu za Karoo. Barabara zake ni za vumbi. Jaza tangi la gari Graaff-Reinet kabla hujapanda.

Kisa ninachotaka kukichambua si uzuri wa mahali hapa, maana uzuri kila mgeni anauona. Ni swali moja ambalo lilinishika pale uani na halijaniachia: kazi hii ni ya nani? Kabla sijaanza kuishi kwa kalamu nilikuwa saidia fundi kwa miaka miwili. Nilibeba karai, nilikoroga udongo wa saruji, nilimwagilia maji kuta zikomae. Ndiyo maana nilipoingia Nyumba ya Bundi, jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwenye mshiko wa saruji na waya. Nilichokiona hapo hakilingani na maneno mawili matatu yanayotumika kukieleza.

Tuanze na mwenye nyumba. Helen Elizabeth Martins alizaliwa hapo hapo kijijini tarehe 23 Desemba 1897, kitinda mimba wa familia yake. Alisomea ualimu Graaff-Reinet, akaolewa 1920 na mwalimu mwenzake, na ndoa haikumaliza miaka kumi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alirudi nyumbani kuuguza wazazi, kama wanavyorudishwa mabinti wasio na mume katika jamii nyingi, zikiwemo zetu. Mama yake alifariki 1941, baba yake 1945. Bi Helen alikuwa na miaka 47, peke yake katika nyumba ya kawaida kabisa, kwenye kijiji ambacho kila mtu anajua nani hakufika kanisani Jumapili.

Simulizi inayorudiwa ni hii: usiku mmoja alikuwa kitandani, mgonjwa, mwezi unaangaza dirishani. Akayatazama maisha yake, akaona yamefifia, hayana rangi. Akaamua kuyatia nuru. Hakuhama, wala hakusubiri mtu wa kuja kumwokoa. Alianza na kuta zilizokuwa zimemzunguka.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, kwa sababu sehemu ya ndani ya nyumba ndiyo inayotuonyesha mikono ya Bi Helen mwenyewe ilikuwa inajua nini. Alikusanya vioo na chupa, vikavunjwa, vikasagwa kwa kinu kile cha mkono cha kusagia kahawa. Chenga zilizopatikana alizitenganisha kwa rangi na kwa ukubwa, akazihifadhi kwenye mitungi ya kioo. Mitungi hiyo bado imepangwa kwenye rafu za stoo yake ya chakula: nyekundu, kijani, buluu, kahawia, nyeupe. Mwanamke mwingine wa rika lake angepanga pale jamu na matunda ya kukausha. Ukisogeza uso karibu na mtungi mmoja unaona chenga haziko sawasawa. Nyingine ni kama sukari ya mawe, nyingine kama chumvi ya mezani, na kila aina ina matumizi yake. Chenga kubwa zinaakisi mwanga kwa mmweko mmoja mmoja. Zile laini zinafanya ukuta mzima ung'ae kama magamba ya samaki aliyetoka majini sasa hivi.

Chenga hizo ndizo zilizobandikwa juu ya rangi, kuta na dari, chumba baada ya chumba. Kwenye madirisha kuna vipande vya kioo cha rangi. Kuna vioo vya kujitazamia vilivyokatwa kwa umbo la jua, mwezi, nyota na moyo, vimewekwa mahali ambapo kimoja kinamrushia mwenzake mwanga. Na kuna taa za mafuta na mishumaa kila upande. Mchana nyumba inapendeza, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya mchana. Ilitengenezwa kwa saa ile jua linapolala na kuingia kwa mshazari, na kwa usiku, mishumaa ikiwashwa, kila chenga ishike moto wake. Ukienda, usiende saa sita. Subiri alasiri.

Kuna chumba kimoja kinachokataa nuru yote hiyo. Ni chumba cha nje alichokaa baba yake. Baada ya mzee kufa, Bi Helen alikipaka rangi nyeusi na kukipa jina la Tundu la Simba, lile la Danieli. Sitaki kukisia walikuwa wanaishije. Rangi imeshasema.

Sasa toka nje. Uani ndipo penye utata.

Ua huo unaitwa Camel Yard, Ua wa Ngamia, na una sanamu zaidi ya 300. Ngamia kwa makundi, mahujaji, mamajusi, wachungaji, bundi tena, nguva, na wanawake ambao sketi zao zimetengenezwa kwa chupa tupu zilizopangwa safu kwa safu, za kijani na za kahawia, jua likipita ndani yake. Msafara wote umeelekezwa upande mmoja, upande ambao Bi Helen aliuita Mashariki. Ua si mkubwa. Unapita kwa ubavu, kiwiko kinagusa mkono wa saruji ulioinuliwa juu, na ukigeuka unakuta uso mwingine. Kwenye wigo kuna maandishi ya waya uliokunjwa herufi moja moja, kwa Kiingereza, yenye maana kwamba huu ni ulimwengu wangu.

Wangu. Hilo ndilo neno la kisa hiki.

Bi Helen hakuwa mtu wa kubeba zege. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na kazi ilipohamia nje umri ulikuwa umeshasogea. Sanamu kubwa za ua zilijengwa kwa mikono ya wanaume aliowaajiri. Wa mwanzo wanatajwa kuwa Piet van der Merwe na Jonas Adams. Kisha, 1964, akaja Koos Malgas, mkata manyoya ya kondoo na kibarua wa kazi za mikono, na akakaa miaka 12, mpaka Bi Helen alipokufa. Sehemu kubwa ya kile unachokiona uani leo imepita mikononi mwake.

Kumbuka ni miaka gani hiyo. Serikali ya ubaguzi wa rangi ilikuwa imemwandika Malgas kuwa Coloured, yaani mtu wa asili mchanganyiko, na sheria zilipanga mtu wa kundi lake akae wapi, asome wapi, amkute mzungu katika hali gani. Mwanamke mzungu anayeishi peke yake, na mwanamume huyo anaingia na kutoka kwake kila siku, miaka 12, wanakunywa chai na kujadiliana ngamia akae vipi: kijiji kilinong'ona, na walijua kinanong'ona. Kazi hiyo ilifanywa ndani ya mnong'ono huo.

Walifanyaje kazi? Bi Helen alikuwa na wazo, na mara nyingi alikuwa na picha: ya kalenda, ya postkadi, ya Biblia. Alimweleza Malgas anataka nini. Malgas alikunja waya, akajenga mifupa ya sanamu, akaivisha saruji. Bi Helen alitazama, akakubali au akataka irekebishwe. Vioo vilikuwa vyake yeye.

Maelezo mengi yanaishia hapo, na yanampa Malgas cheo kimoja: msaidizi. Jina lake halikufichwa, na wanaowatembeza wageni wanalitaja kwa heshima. Ninachokigombea mimi ni hilo neno msaidizi.

Kwenye saiti zetu tofauti ya fundi na saidia fundi haina mjadala. Saidia fundi anafanya anachoagizwa: lete tofali, ongeza maji, shika hapa. Fundi ndiye anayeamua, na uamuzi wake uko mkononi, hauko kwenye karatasi. Sasa chukua picha ya ngamia kwenye postkadi, upana wake kama kiganja. Picha hiyo haisemi waya uwe mnene kiasi gani shingoni ili shingo isiiname saruji ikiwa bado mbichi. Haisemi uzito wa kichwa utapitia wapi mpaka ufike chini. Udongo wa saruji ukiwa majimaji unateleza na kuanguka kwenye waya. Ukiwa mkavu haushiki, unabanduka kama ganda. Na katika hewa kavu kama ya Karoo kuna adui mwingine: saruji inakauka kabla haijakomaa, inapasuka nywele nywele, na baada ya misimu miwili ya baridi kali zile nywele zinakuwa mianya. Kila sanamu katika ule ua ni jibu la maswali kama hayo, na aliyeyajibu kwa sehemu kubwa ni Malgas. Hakuwa amesomea. Wala sijaona popote kwamba aliwahi kuchonga sanamu kabla ya 1964.

Nilisimama muda mrefu mbele ya sanamu yenye mikono iliyoinuliwa. Vidole havikufanana. Kimoja kimesukumwa kwa dole gumba la mjengaji, na kuna mahali saruji imeburutwa kwa ncha ya kitu kikavu, pengine kijiti, ikaacha mfereji mwembamba unaofanya kiganja kionekane kimechoka. Hakuna postkadi inayoagiza hivyo. Mtu alikuwa pale, saruji inaanza kukaza, dakika zinahesabika, akaamua.

Najua hoja ya upande wa pili, na naiheshimu. Bila Bi Helen, Malgas angeendelea kukata manyoya ya kondoo mpaka uzee, na dunia isingemjua. Wazo la msafara, la mashariki, la nuru, lilikuwa lake Bi Helen. Yeye ndiye aliyetoa pesa, na hakuwa tajiri. Wanaosimulia maisha yake wanakubaliana kwamba alijinyima mpaka chakula. Yeye ndiye aliyebeba lawama ya kijiji kama mwenye nyumba. Na mtu anaweza kuongeza: Malgas alilipwa, na kibarua akishalipwa amemalizana na mwajiri.

Sehemu ya mwisho ndiyo ninayoikataa. Ujira unalipia siku. Haununui jina. Kwetu tumezoea vibaya mno jambo hili: nenda shule yoyote, zahanati yoyote, utakuta jiwe la msingi limeandikwa jina la mheshimiwa aliyekuja kukata utepe kwa nusu saa, na aliyepiga lipu kuta zote nne hayumo. Tumelizoea hata hatulioni. Labda ndiyo sababu lile neno "wangu" la waya lilinigusa kuliko ngamia wote, kwa kuwa, kwa namna kazi ya ua ule ilivyogawanywa, sioni nani mwingine angekunja waya wa herufi hizo isipokuwa Malgas.

Hata hivyo sitaki kumvua Bi Helen ili nimvike Malgas. Kufanya hivyo ni kuhamisha kosa tu. Tazama mfuatano wa kazi na utaona kila mmoja alikuwa na chake. Ndani ya nyumba, kwenye kuta za chenga, kuna akili ya mtu aliyefikiri kwa mwanga: mwanga unaingia wapi, unagonga nini, unakwenda wapi. Nje, kuna akili ya mtu aliyefikiri kwa uzito. Kwenye zile sketi za chupa mbili hizo zinakutana. Chupa ni kioo, kwa hiyo ni za mwanga. Lakini zinabeba, zimepangwa kama tofali, saruji kwenye maungo, kwa hiyo ni za uzito. Mimi siamini sketi hizo zingetokea kama mmoja wao angekuwa peke yake. Kama ningelazimishwa kuonyesha kitu kimoja tu katika ua mzima, ningeonyesha hicho.

Tanzania tuna mfano unaofanana kwa upande mmoja. Edward Saidi Tingatinga aliuawa 1972, miaka michache tu baada ya kuanza kuchora kwa rangi za mafuta juu ya mbao laini za hadibodi pale Oysterbay. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea, jina la mtu likawa jina la mtindo. Lakini mchoraji wa Tingatinga anaandika jina lake chini ya picha, pembeni, kwa brashi ile ile. Unaweza kulisoma. Sanamu za Ua wa Ngamia hazina pembeni ya kuandikia.

Ushahidi mkubwa wa hoja yangu, hata hivyo, si vidole wala sketi. Ni kile kilichotokea baada ya Bi Helen kuondoka.

Mwaka 1976 alikuwa na miaka 78, viungo vinauma, macho yanamwishia. Kwa mtu aliyejenga maisha yote juu ya mwanga, hilo la macho sihitaji kulieleza. Agosti mwaka huo alijitoa uhai. Alifariki tarehe 8. Alikuwa ametaka nyumba yake itunzwe iwe makumbusho. Badala yake ilikaa miaka mingi bila mtu wa kuijua vizuri. Malgas alihama kijijini. Jua, barafu na upepo vikaanza kazi yao. Maji yanaingia kwenye ufa, yanafika kwenye waya, waya unashika kutu. Kutu ina tabia moja mbaya ambayo kila fundi anaijua: inavimba. Inavimba ndani ya saruji mpaka inaipasua kutoka ndani, na sanamu inadondosha kwanza kidole, kisha mkono, kisha uso.

Mwaka 1989 nyumba ikatangazwa kwa muda kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa. Tangazo halizibi ufa. Na 1991 waliokuwa wakiitunza walifanya jambo ambalo kwangu ndilo jambo la busara kuliko yote katika kisa hiki: walimtafuta Koos Malgas, wakamrudisha kutengeneza sanamu. Mwaka uliofuata nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Fikiria maana yake. Mwenye wazo alikuwa amekufa miaka 15. Picha za kalenda na postkadi zilikuwepo za kutosha kwa yeyote kuzitazama. Nyumba ilikuwepo. Kilichokosekana, na ambacho hakikuweza kupatikana kwa mwingine, ni kilichokuwa mkononi mwa mtu aliyeitwa msaidizi. Saidia fundi akiondoka saitini unaita mwingine barabarani kesho asubuhi, nami nilikuwa mmoja wao, najua tulivyokuwa rahisi kupatikana. Anayetafutwa baada ya miaka 15, akaletwa kutoka mbali kwa sababu hakuna mwingine anayeweza, huyo ni fundi. Waliomrudisha walishajibu swali langu kwa vitendo, hata kama vibao na vipeperushi vilichelewa.

Alifanya kazi hiyo miaka kadhaa. Mwaka 1996 taasisi ya kuitunza nyumba iliundwa, na 2000 Malgas akafariki. Leo ukitembea kijijini unakuta bundi wadogo wa saruji wakiuzwa, kazi ya mikono ya watu wa hapo hapo. Ustadi wa Malgas haukuzikwa naye wote.

Kwa anayekusudia kwenda, nina ombi moja. Ingia ndani ya nyumba kwanza, kaa na vioo, mpe Bi Helen muda wake bila kuharakisha. Kisha toka uani ukiwa umeacha jina moja ndani na umejiandaa kukutana na mengine matatu: van der Merwe, Adams, Malgas. Mwulize anayekuongoza ni sanamu zipi zilitangulia 1964 na zipi zilifuata. Swali hilo linabadilisha ziara nzima, kwa kuwa unaanza kutazama jinsi kitu kilivyotengenezwa.

Na tafuta viraka. Sanamu nyingi zinavyo, mahali saruji mpya imekutana na ya zamani, rangi ya kijivu imetofautiana kidogo. Niliona kimoja begani mwa hujaji. Nilipitisha macho kwenye ukingo wake, nikitafuta pale mkono wa kwanza ulipoishia na wa pili ulipoanza, kama tulivyofundishwa kukagua lipu iliyorudiwa. Sikupaona. Kama bega lile alilijenga Malgas, na kiraka kile ni cha baada ya 1991, basi hapakuwa na mkono wa pili: aliyelijenga bega lile ndiye aliyerudi kulitibu. Viraka vya baada ya 2000 vitakuwa na ukingo.